Jina la Nchi Lina Mwenyewe

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba nchi yetu sasa ina maana. Kabla ya hapo ilikuwa na jina tu. Na jina lisilo na maana, kama alivyosema Mkuu wa Nchi mwenyewe, ni sawa na koti lisilo na mtu ndani. Koti hilo tulilivaa tangu uhuru na hakuna aliyeuliza lilishonwa na nani. Serikali ikauliza, kisha Serikali ikajijibu. Mimi nilikuwa Katibu wa Tume iliyoshughulikia majibu.

Jina lenyewe sitalitaja hapa. Si kwamba nimelisahau. Kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi ya Jina, kulitaja ovyo ni kosa la jinai, na kibali cha kulitaja hutolewa kwa mihuri ya ofisi mbili, na moja kati ya hizo bado haijaundwa. Mnaishi humu, mnalijua. Tuendelee.

Mambo yalianzia ugenini. Mkuu wa Nchi alikuwa mezani na wakuu wenzake, na baada ya kushiba kila mmoja akaanza kueleza asili ya jina la nchi yake. Huyu mlima, yule mto, mwingine chui aliyeonekana na mababu. Zamu ya mzee wetu ilipofika, akakohoa, akasema maana ya jina letu ni nzito mno kuelezwa wakati wa kula. Wakacheka. Alirudi nyumbani amefura, hata gwaride la uwanja wa ndege hakulitazama. Asubuhi yake tukaitwa Ikulu.

"Nataka maana," alisema. "Nataka iwe kubwa. Na nataka inihusu."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Tume ya Taifa ya Maana na Asili ya Jina. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa, msomi ambaye katika maisha yake yote hajawahi kutumwa kutafuta kitu akakikosa, hasa pale ambapo hakikuwepo. Tulipewa ofisi ghorofa ya juu kabisa ya Wizara ya Ardhi, kwenye jengo ambalo lifti yake hushuka tu. Dirisha letu lilitazama nyuma, kwenye uwanja mdogo uliojaa kamba za nguo. Huko ndiko alikokuwa dobi aliyefua suti za wizara nzima, nasi tulipochoka kufikiri tulikuwa tukitazama suruali zetu zikipepea.

Utaratibu wa kazi aliuweka Profesa siku ya kwanza: hitimisho kwanza, wimbo uje wa pili, utafiti ufuate mwisho. "Ukianza na utafiti," alituonya, "unaweza kukupeleka popote." Wajumbe wote walinakili maneno hayo.

Hitimisho halikutusumbua. Ilikubalika kwamba jina la nchi ni jina la shujaa mkuu wa kale aliyeyafukuza majeshi ya wageni, na kwamba Mkuu wa Nchi ni mzao wake. Mabishano yalikuwa juu ya ngazi ya uzao tu. Kumwita mwana wa shujaa kungemzeesha. Kumwita kitukuu kungeichuja damu, ikabaki maji. Tukaafikiana kwamba ni mjukuu, kupitia kwa mwana wa kiume, na Kwaya ya Taifa ikarekodi wimbo wiki hiyohiyo, maana neno mjukuu lilikaa vizuri kwenye kiitikio. Ukishakuwa na kiitikio, ndugu msomaji, historia haina tena pa kukimbilia.

Mwanasheria Mkuu naye hakulala. Alitunga Sheria ya Hifadhi ya Jina, kipande cha kazi ambacho hata maadui zake walikivulia kofia. Ilisema kwamba ardhi yote inayoitwa kwa Jina hilo, pamoja na majengo yaliyo juu yake, ni amana ya ukoo wa Mwenye Jina milele. Mkubwa wa ukoo ndiye mwenye neno la mwisho, na neno hilo halipingwi katika mahakama yoyote. Sheria yenyewe haitabadilishwa pasipo ridhaa ya mkubwa huyo. Na yeyote atakayekana undugu uliotambuliwa na Tume atakuwa ametenda uhaini, "hata kama undugu anaoukana ni wa kwake mwenyewe." Hilo la mwisho aliliongeza kwa ajili ya ukamilifu tu. Anapenda sheria isiyovuja.

Lengo mnaliona. Uchaguzi huja na kuondoka, lakini ukoo haupigiwi kura. Bunge liliipitisha kabla ya chai.

Kwa hiyo tulikuwa na shujaa, wimbo na sheria. Tulichokosa ni kaburi. Mkuu wa Nchi alitaka kuweka shada mbele ya kamera, na shada haliwekwi juu ya hoja. Profesa alipendekeza tuchimbe kaburi jipya kisha tulichakaze, lakini fundi aliyeitwa akasema saruji mpya haizeeki kwa amri. Tukakwama. Basi mchana mmoja, nimechoka na vikao, nikateremka kwenda kuchukua suti yangu kwa dobi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono imekakamaa kwa sabuni, mdomo haujakakamaa hata kidogo. Wizara nzima ilimwita Mama Dobi. Nilimkuta ameinama kisimani, anavuta ndoo. Nyuma yake, kwenye ukuta wa nyumba yake, ilikuwa imechorwa alama kubwa nyekundu ya X, na chini yake neno BOMOA.

"Shikamoo, Mama Dobi. Hii tena nini?"

"Marahaba. Hiyo ni salamu ya Waziri wa Ardhi. Anajenga hoteli. Mimi nimekaa mahali ambapo wageni wake wataogelea." Akaitua ndoo. "Suti yake ya bluu iko pale kwenye kamba. Nimemfulia vizuri. Akija kunibomolea, avae kitu safi."

"Pole sana. Na utahamia wapi?"

"Sihamii. Baba yangu kazikwa hapo nyuma ya karo la kufulia. Nitamwacha na nani?"

Moyo wangu wa kiutumishi ukaruka. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kitu, kama kaburi hilo ni la zamani.

"La zamani, ndiyo. Alinizaa akiwa ameshaanza mkongojo. Mimi ndiye kitinda mimba, mtoto wa mke wa mwisho. Kisima hiki alikichimba angali kijana. Hapa palikuwa pori tupu. Wasafiri wakawa wanalala hapa kwa ajili ya maji. Ukimwuliza mtu analala wapi, anakwambia kwa fulani. Wakaja Wazungu na ramani yao, nao wakanywa maji, wakaandika jina lake. Baadaye boma likaitwa hivyo, mji ukaitwa hivyo, na mwisho nchi nzima. Wewe hukujua?"

"Nchi yetu ina jina la baba yako?"

"Kwani lilikuwa la baba yako?"

Nilikaa juu ya beseni. Tume ilikuwa imezunguka mikoa yote kwa magari ya kiyoyozi, na kila mkoa ulitupa asili yake na kutuomba lami. Na mwenye jina alikuwa amelala chini ya dirisha letu, akimwagiwa maji ya sabuni.

"Na jina lenyewe, lina maana gani?"

Mama Dobi akacheka. "Bibi yangu alikuwa haelewani na mawifi zake. Alipojifungua mtoto wa kiume, wakanuna wote, hakuna aliyekuja kumwona. Akasema, basi, huyu mtoto ataitwa Waache Wanune. Kwa lugha yao ya zamani ndiyo hilo jina. Kila wakimwita mtoto, wanapata ujumbe wao."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Tume ilikutana kwa dharura, nikatoa taarifa. Nchi kuitwa Waache Wanune! Mjumbe mmoja alipendekeza tumtafute shujaa mwingine. Lakini Profesa alifumba macho, akayafumbua, na kazi ikawa imekwisha. "Asiyetetereka kwa Ghadhabu ya Mahasimu," alisema. Tukapiga makofi. Kisima kikawa Chemchemi ya Dola. Wazungu waliokunywa maji na kuondoka wakawa Majeshi Yaliyotimuliwa, kwa sababu kweli waliondoka. Mawifi tuliwaita Mahasimu, na hapo, kwa maoni ya wajumbe waliooa, historia ilikuwa haijapindishwa hata kidogo.

Ilibaki kupata ridhaa ya familia. Tulishuka mimi, Profesa na Mwanasheria Mkuu, tukamweleza Mama Dobi kwamba Taifa limemtambua baba yake.

"Limechelewa, lakini karibuni," alisema. "Mimi nina ombi moja tu. Nyumba isibomolewe."

"Suala lako limepokelewa," nilimwambia. Kwa wasioijua lugha ya ofisi, kitu kikishapokelewa hakionekani tena. Nilijua kwamba Waziri wa Ardhi ameshaahidiwa kiwanja mara baada ya sherehe, na kaburi lingehamishiwa kwenye mnara wa kumbukumbu mahali pengine. Nilijua, na nikatabasamu. Tumefundishwa kutabasamu.

Profesa akamsomea nasaba. Alipofika mahali panaposema Mkuu wa Nchi ni mtoto wa mwana wa kiume wa shujaa, Mama Dobi akainua uso.

"Huyo kaka yangu ni yupi? Mimi nina dada tu, wote wametangulia mbele ya haki."

"Utafiti juu ya kaka yako unaendelea," alijibu Profesa.

"Kwa hiyo mzee yule ni mtoto wa kaka yangu."

"Kwa mujibu wa sheria, ndiyo."

"Na mkikana ni uhaini?"

"Kifungo cha maisha," alisema Mwanasheria Mkuu kwa fahari ya mtunzi.

Mama Dobi aliifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Haya," alisema. "Kama Serikali imesema nina kaka, mimi ni nani nimkatae ndugu yangu? Leteni niweke kidole."

Siku ya sherehe ilipendeza. Kamba za nguo ziliondolewa. Bendera kubwa ilitundikwa ukutani kuificha ile X. Mabalozi waliketi chini ya turubai, Kwaya ya Taifa iliimba kiitikio mpaka watoto wa mtaa wakakishika, na nchi nzima ilikuwa inatazama kwenye runinga. Mkuu wa Nchi aliweka shada, akajifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. Mambo yangeishia hapo salama. Lakini mshereheshaji alikuwa kijana mwenye malezi mema, jambo ambalo Itifaki haikulichunguza, naye akaishika maiki.

"Na sasa, ndugu wananchi, Mheshimiwa atamwamkia shangazi yake!"

Shangazi! Neno hilo halikuwa limepita kwenye kikao chetu hata kimoja. Tulikuwa tumeshughulika na babu na mjukuu, tukasahau kwamba ukimpa mtu babu unampa na wengine wote. Mzee wetu alimzidi Mama Dobi miaka mingi. Lakini undugu hautazami mvi, na mtoto wa kaka ni mtoto hata akiwa na mkongojo. Hilo analijua kila aliyelelewa na watu, na pale mbele ya runinga hapakuwa na pa kujificha.

"Shikamoo," alisema Mkuu wa Nchi, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge.

"Shikamoo nani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika kichwa mbele ya majeshi yote. "Mbona umekaa sana bila kuja kunisalimia? Miaka yote uko hapo Ikulu mlimani tu, unapita na ving'ora vyako. Hivi ndivyo kaka yangu alivyokufundisha?"

Umati ukaangua kicheko. Mabalozi walitafsiriwa, wakacheka kwa kuchelewa. Profesa alinong'ona kwamba tukio hilo limeongeza mguso wa kibinadamu, nami nikaliandika hivyo kwenye kumbukumbu.

Kesho yake, kama ilivyopangwa, tingatinga likaja. Lilifuatana na Waziri wa Ardhi mwenyewe, ndani ya suti ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka. Mimi nilitumwa kusoma tamko: kwamba mkubwa wa ukoo, yaani Mkuu wa Nchi, ameridhia kuondolewa kwa nyumba. Upepo ulikuwa umeiangusha bendera na X ilikuwa inatutazama. Mama Dobi alitoka na kiti chake, akakiweka mlangoni, akakaa.

"Soma vizuri, Katibu. Mkubwa wa ukoo ni nani?"

"Ni Mheshimiwa."

"Yule niliyemwitikia marahaba jana?"

Dereva wa tingatinga akazima injini.

"Washa!" alifoka Waziri.

"Mheshimiwa, samahani," dereva alisema, akiwa ameshavua kofia. "Nilitazama kwenye runinga. Huyu ni shangazi mtu. Kwetu shangazi akisema, hata baba mwenyewe hutafuta pa kukaa. Mimi siwezi kubomoa nyumba ya shangazi bila ruhusa ya shangazi. Nitaota nini usiku?"

"Huyo si shangazi wa mtu yeyote!" Waziri alipiga kelele. "Undugu wenyewe tumeutunga sisi ofisini!"

Akaziba mdomo, lakini maneno hayana breki. Polisi wawili waliokuja kulinda ubomoaji walitazamana. Sheria walikuwa wamesomewa asubuhi ile ile kwenye paredi. Walimchukua Waziri taratibu, kwa heshima zote, na suti yake ya bluu haikukunjwa.

Mwanasheria Mkuu aliitwa Ikulu, akafungiwa chumbani pamoja na sheria yake mwenyewe ili aitafutie tundu. Alitoka macho mekundu. Tundu hakuna, alisema, na hata katika dhiki ile nilisikia fahari kidogo kwenye sauti yake. Mkubwa wa ukoo ni Mama Dobi, kwa kizazi. Sheria haibadiliki bila ridhaa yake. Na Mheshimiwa akisema yeye si mtoto wa kaka yake, itabidi akamatwe kwa uhaini.

"Basi afutwe kaka!" alisema Mkuu wa Nchi.

"Kaka yuko kwenye kiitikio, mzee," nilijibu. "Watoto wanamwimba mitaani."

Neno la kwanza la mkubwa wa ukoo lilikuwa kwamba nyumba yake haibomolewi. La pili, kwamba kila nyumba yenye X katika nchi hii ifutwe X yake, na wafutaji wawe walewale waliochora. Siku ile nilizunguka mitaa ambayo sikuwahi kuiona ila kwenye ramani, nikawaona watu wazima wakilia kwa kuona ukuta mtupu. Nami nililia, na sioni aibu kulisema. La tatu alilisema akiwa amesimama kwenye geti la Ikulu, beseni kichwani.

"Kisima changu kimepungua maji. Humu nasikia mabomba yanamwagilia majani tu, usiku na mchana. Nitaanika hapa."

"Na Mheshimiwa je?" aliuliza mkuu wa walinzi. "Anafukuzwa?"

"Mtoto wa kaka hafukuzwi. Kuna chumba uani, akisafishe akae. Asubuhi anichotee maji kabla ya mambo mengine."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Bustani ya Ikulu ina kamba kutoka mlingoti wa bendera hadi kwenye mizinga ya saluti, na shuka za mji mzima hukauka pale kwa upepo mzuri sana. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa limebaki nusu, na sasa kwenye ukuta wa jumba la Waziri wa Ardhi pana X safi, mchoraji ni yule yule, mkono haujasahau kazi. Profesa anatafiti asili ya neno shangazi. Ameshaanza na hitimisho.

Wiki iliyopita nilitumwa na Baraza la Mawaziri kumpelekea malalamiko. Nilimkuta kwenye nyasi anakamua koti, na Mkuu wa Nchi alikuwa upande wa pili wa koti, ameshika mkono wa kushoto, wanalizungusha pamoja.

"Shikamoo, shangazi. Nimetumwa. Baraza zima limenuna. Wamenuna mawaziri, wamenuna wakuu wa mikoa, mabalozi ndiyo usiseme. Wanauliza nikawajibu nini."

"Jina la nchi hii ni nani, Katibu?"

"Sina kibali cha kulitaja, shangazi."

"Nimekupa mimi. Kawaambie."

Nikavuta pumzi, nikalitaja, kwa sauti, katikati ya bustani ya Ikulu. Maisha yangu yote nimeliimba nikiwa wima, mkono kifuani, na ilikuwa mara ya kwanza nalisema nikijua ninachosema. Mkuu wa Nchi aliinamisha uso kwenye koti.

"Kamua, mwanangu," shangazi alimwambia. "Bado lina maji."